Diski Iliyosafishwa

Hivi wewe umewahi kutendewa wema ukatamani kumrukia aliyekutendea? Basi sikiliza yaliyompata mke mmoja, mtafiti wa wadudu wanaokula nafaka ghalani. Wifi yake alimbandika jina la Mama Fukusi, nalo likamganda.

Asubuhi hiyo kompyuta yake iligoma kuwaka. Fundi akaifungua, akanusa ndani, akatikisa kichwa: imeungua, hakuna cha kuokoa. Mama Fukusi hakutetereka. Kazi yake yote alikuwa ameinakili kwenye diski nyeusi, bapa kama kipande cha sabuni, iliyokaa kabatini chini ya mashuka, ndani ya soksi ya mtoto isiingie vumbi. Akaifuata, akaja kuichomeka kwenye kompyuta ya fundi.

Sinema. Sinema tupu, za ngumi na za magari kufukuzana. Fundi akahangaika nayo weee, mwisho akanyoosha mikono: vilivyokuwamo vimefutwa, na sinema zimekaa palepale vilipokuwa.

Alifika nyumbani diski iko mkononi. Mumewe alikuwa sebuleni na dada yake, wanamenya karanga.

"Baba watoto, diski yangu nani kaigusa?"

"Ni mimi!" Mume akachangamka kama anayengoja asante. "Ilijaa takataka, namba namba tu mwanzo mwisho. Nikakusafishia, na wifi yako akapata pa kuwekea sinema zake."

"Bila kuniuliza?"

"Namba utaandika tena, mke wangu. Kwani fukusi wameisha duniani?"

Wifi akaangua kicheko. "Kaka, mnunulie gunia moja, awahesabu upya!"

Mama Fukusi akawaza. Awahesabu wapi? Magunia aliyoyapima, akipiga magoti ghalani huku kitambaa kimemziba pua, yalishasagwa na kuliwa zamani.

"Na wewe msomi mzima," mume akaendelea, "hukuweka nakala pengine?"

"Niliweka. Flashi iko kwa mama, ina misimu ya nyuma. Msimu huu ulikuwa kwenye kompyuta na kwenye hiyo diski, basi. Na ni msimu huu ndipo dawa yangu ya majani ilipowaua fukusi. Bila huo sina cha kuwapelekea walimu wangu chuoni."

"Aa, watakuelewa."

"Na picha za kifungua mimba wetu zilikuwa humohumo. Ulisema mwenyewe nizihamishe, simu yako haina nafasi."

Mume akainuka, karanga zikamwagika mkekani. "Picha za mwanangu? Zile anatambaa?" Machozi yakamlengalenga. "Mungu wangu! Viatu vyangu viko wapi? Twende kwa fundi sasa hivi!"

"Kaa chini!"

Wifi akaacha kumenya. Nyumba ile haikuwahi kuisikia sauti hiyo.

"Kwa picha unatafuta viatu! Kwa kazi yangu, ukasema nitaandika tena! Fundi ameshajaribu, ameshindwa. Lia, baba, lia sana. Mimi nimelia njia nzima, na hakuna aliyenitafutia viatu."

"Kaka, mwache apoe," wifi akanong'ona.

"Sipoi! Na wewe, sinema zako kazitazamie kwako!"

Wifi akabeba mtandio wake, akatoka bila kuaga. Mume akakaa, ameshika kiatu kimoja, hajui akivae au akiweke.

"Nimekosa. Nikununulie kompyuta nyingine? Nitauza pikipiki."

"Sitaki."

"Niende kwa walimu wako, niseme kosa ni langu?"

"Wala sikuombi hilo."

"Sasa unataka nini, mke wangu? Sema, maana unanitisha."

Alitaka kumtupia neno chungu, lakini lililotoka lilikuwa jingine, na lilitoka kwa shida.

"Nilitaka uniulize. Miaka yote hii narudi na vumbi la mahindi kichwani, nilitaka siku moja, moja tu, ukae na mimi uniulize: mke wangu, hao fukusi wako wamekuonyesha nini?"