Kopo la Dirishani

…na kwa nini yawe mengi hivi, mafuta ya breki si mafuta ya breki tu, Fakhriya anayatazama makopo matatu juu ya kaunta ya duka la spea, moja limeandikwa Dot 3, jengine Dot 4, la tatu halina hata kifuniko, limezibwa kwa kitambaa, na Nyange mwenye duka anamuuliza tena, “Kutaka ipi, Bi Fakhriya? Kifuniko cha mafuta ya breki garini kimeandikwa ngapi? Muulize Hamzah, si yule pale,” kama kwamba kumuuliza Hamzah ni jambo dogo, shemegi yake huyo, yuko gereji ya ng'ambo ndani ya pikapu, hasogei palipo na yeye tangu Zahran, mumewe, afe, na nani aliyemzoesha hivyo kama si yeye Fakhriya, kwa kumnyamazia, salamu yake haiitikii, chai yake anaipeleka mtu mwengine… na kesho Hamzah ataishika pikapu hiyo, gari ile ile iliyoanguka na Zahran, kwenye mteremko ule ule wa Ole, magunia ya karafuu nyuma, kiti cha mbele Maisa, mwana wa pekee wa Fakhriya, wakubwa wa nyumba wameshapitisha, gari imetengenezwa, haiwezi kuoza uani na karafuu zinachanua mitini, naye akakubali kwa sharti moja, mafuta ya breki atayanunua kwa mkono wake, anajua nini yeye, anajua kwamba mumewe alikaa kiti kile na nduguye akashika usukani na aliyerudi hai ni nduguye, basi, hilo ndilo alijualo… kitambaa kile, mbona anakijua, si chenyewe lakini ndicho, kipande cha kikoi kimesokotwa kwenye mdomo wa kopo, kopo la Zahran dirishani jikoni kwao, masika nzima, ukuta unatota, na yeye akisema litupe hilo Zahran, linanuka, na Zahran akicheka, nitupe mafuta mazima, Fakhriya, huoni israfu hiyo, haya yatatosha siku moja, kwa Zahran kila kitu kilitosha, sabuni iliyobaki ukucha, msumari uliopinda, Mungu amrehemu, alikuwa anaogopa kumwaga kuliko anavyoogopa nyoka… na alfajiri ile ya siku ya ajali akalichukua, akafungua boneti mbele ya mlango, akamimina mpaka tone la mwisho, akacheka, unaona, yametosha… “Na hili la wazi?” Fakhriya anauliza, anaisikia sauti yake ikiuliza, “hili halifai?” na Nyange anakuna kidevu, “Hilo nawapimia wenye gari za hapa na hapa. Kwa mlima na mzigo mie sikupi, bibi. Likikaa wazi linavuta maji, kama chumvi vile. Breki zikishika moto yale maji yanachemka, kukanyaga huku mguu wenda chini, hukuti kitu.” Kama chumvi… chumvi anaijua, nani hapa asiyeijua, ukiisahau wazi siku za masika unaikuta imelowa kwenye kikombe, na kopo lile lilikaa dirishani masika nzima, hukuti kitu, hukuti kitu, maneno haya ameshayasikia, kayasikia wapi, nyuma ya mlango, siku za eda, yeye ndani kakaa juu ya mkeka, Hamzah nje kasimama, mkono umefungwa, analia kitoto, “N'likanyaga, shemegi. Wallahi n'likanyaga, ikenda mpaka chini, sikukuta kitu,” na yeye alisema moyoni, mwongo wee, ulikwenda mbio, watu wote wa Ole wamekuona ulivyokwenda mbio… na gari isiyo na breki, mteremkoni, na magunia, itakwendaje, itakwenda polepole? Ya Rabbi… na Zahran anayemjia usingizini, miguuni pa kitanda, hasemi, anamwonesha tu viganja vyake vinavyong'ara mafuta, na yeye kila siku anaamka jasho likimtoka, anamwambia nimekusikia, mume wangu, sitomsamehe, sitomsamehe, kumbe hakuja kushitaki, maskini, amekuja akionesha mikono yake mwenyewe, na yeye akimrudisha kaburini na jibu lile lile… “Bibi?” anasema Nyange, “Dot 3 au Dot 4? Muulize, yule ataijua,” na makopo ni yale yale matatu, jua lile lile mlangoni, ni kutoka hatua chache na kuita, jina tu, Hamzah, ulimi umeota kutu kwa jina hilo, anaanzaje, anaanza na kifuniko au anaanza na samahani, anageuka mlangoni, na ng'ambo, ndani ya pikapu ambayo haina mafuta ya breki, haina moto, haiendi popote, Hamzah kakaa peke yake, mlango wazi, hajui kuwa anatazamwa, na mguu wake wa kulia unakanyaga breki, unaachia, unakanyaga, unaachia, unakanyaga…