Tarehe ya Mgeni

1.

TANGAZO
Kituo cha Kalenda ya Ndege
Kwa wasikilizaji wote wa nyika chini ya vilima vya Taita

(a) Ndege mhamiaji ataandikwa siku atakaposikika mara ya kwanza, si siku anayotarajiwa.
(b) Ndege mkaazi ataandikwa siku atakapookota jani la kwanza la kujengea kiota.
(c) Kila tarehe iwe na sahihi mbili: ya msikilizaji na ya shahidi.
(d) Jina la msikilizaji wa kwanza litachapishwa katika ripoti ya mwaka.

Hiyo (d) ndiyo iliyoleta balaa.

2.

Mzee Maghanga amesikiliza ndege miaka kumi na tisa. Miaka kumi na sita ripoti ilitoka na jina lake, na nakala zote amezihifadhi chini ya godoro. Kisha mkewe, Mkawasi, yaani Mama Mghoi, akajaza fomu ya usikilizaji, basi tu, kwa sababu fomu ilibaki moja.

Tangu hapo, miaka mitatu mfululizo, jina ni la Mkawasi.

3.

Mambo ambayo Maghanga hamwonei mkewe wivu:
— sauti yake kanisani
— meno yake, ambayo yangali yote
— watoto kumpigia simu mama kwanza (hapo kidogo)

Jambo analomwonea:

Sikio.

4.

Wewe unayesoma huenda humjui huyu mgeni, mhamiaji anayengojewa na wasikilizaji wote. Ni kindege wa kahawia, hana urembo hata wa kuazima, na hushinda amejificha vichakani. Huzaa kaskazini ya mbali, wakati kule kuna joto na viwavi wa kulishia makinda. Baridi ikibisha hodi, anafunga safari, anatushukia hapa mvua za vuli zikianza. Akiwahi anakuta vumbi. Akichelewa anakuta wenzake wamekwisha kugawana vichaka. Na kwera wetu, mkaazi, hungoja mvua hiyo hiyo ndipo asuke kiota.

Kwa hiyo tarehe si mchezo. Kuna watu wanaoipima mvua na ndege pamoja, waone kama bado vinasikilizana.

5.

(Yalisikika kisimani. Wasemaji hawakujua kwamba mwenye kujaza dumu la tatu ni Maghanga.)

— Kwani mwaka huu nani ataandikwa?
— Mama Mghoi, nani mwingine? Mume ana daftari. Mke ana sikio.

6.

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Maghanga kilikuwa kimelala naye kitanda kimoja. Alirudi na madumu yake kijiba kimemkaba roho. Mbingu nyeupe, ardhi imepasuka, kwera hajagusa jani. Akafungua daftari akaandika:

3 Novemba. Mgeni. Ameimba nyuma ya zizi, alfajiri.

Alijiambia kwamba ndege atakuja tu, kama si kesho, keshokutwa. Siku mbili tatu zitamdhuru nani?

Amekula ng'ombe mzima, mkiani akashindwa.

7.

Ilibaki sahihi ya shahidi. Mkawasi alikuwa akichambua pojo. Maghanga alimweleza kwa kirefu: alivyotoka nje, alivyosimama, yeye Mkawasi alivyokuwa bado usingizini. Maelezo yalikuwa mengi mno kwa ndege mmoja.

Mkawasi alimtazama.

"Aliimba, Baba Mghoi, au aliita tu?"

"Aliimba."

Akapangusa mkono kwenye leso, akatia sahihi. Kama angebisha, Maghanga angejua la kufanya. Angefoka, angenuna, yangekwisha. Sahihi ile ilimshinda.

8.

Kwa Bw. Maghanga,
Pongezi. Tarehe yako ni ya mapema kuliko zote tulizo nazo kwa nyika hii. Kwa kuwa mvua bado, tunaonelea kwamba mgeni ameanza kuja kabla ya wakati wake. Kwa kuwa daftari lako halijawahi kutiliwa shaka, ripoti ya mwaka itajengwa juu ya tarehe hiyo. Kama kuna marekebisho, yatufikie kabla ya mwisho wa mwezi.

Aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza alifurahi.

9.

4 Novemba. Kimya.
5. Kimya.
6. Kimya.

9. Mkawasi hatoki tena kusimama uani asubuhi.

12. Kimya.

17. Mawingu.

19. Mvua. Kwera ameokota jani.

20.

10.

Asubuhi ya tarehe ishirini ndege aliimba. Sauti ilikwaruza, ikapiga filimbi, ikakatika, ikaanza tena, kubwa kuliko mwili wake. Maghanga aliacha chai. Dirishani, Mkawasi alikuwa akisuuza sufuria, na mkono wake ulisimama. Halafu ukaendelea.

"Mama Mghoi. Umesikia?"

"Nisikie nini?" Hakuwa na hasira. "Mgeni wako si alifika tarehe tatu?"

Maghanga alitaka kusema. Maneno aliyokuwa nayo ni haya: Mimi ni mwongo, na ni kwa sababu yako, na wewe huna kosa. Alifungua kinywa, akasema, "Ile tarehe—"

Ndege akaimba tena. Maghanga akageuka kulia, akageuka kushoto. Moyo ulimpiga kwa kishindo, hakuweza kujua sauti inatoka kichaka gani.

Mkawasi alijua. Alikuwa amekipa mgongo kichaka hicho hicho.