Shamba Lisilolimwa

Siku hizi watu wa Sironga huniita mwalimu, nami naitika bila aibu. Lakini kwa miaka minne niliitwa mvivu. Huku kwetu mke hupimwa kwa shamba lake: alilime mara mbili, libaki jekundu, safi, bila hata jani. Langu lilijaa mabua makavu ya mahindi. Sikulima hata kidogo. Nilitoboa mashimo kwa panga, nikapanda, nikafunika. Mama mkwe wangu, Orpah, alipita mbali nalo kwa haya.

Sisi ni Wasabato, kwa hiyo Jumapili ni siku ya jembe. Jumapili moja ya Machi nilirudi kutoka mtoni nikakuta wanawake kumi na wawili wa egesangio, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, wamesimama mpakani na majembe. Orpah ndiye aliyewaleta. Hata uji alikuwa amewapikia.

"Mama Lavender, tumeonelea tukulimie," akasema Roselyne, mwenyekiti wetu. "Pengine mgongo unakusumbua na unaona haya kusema."

Kukataa egesangio ni kutukana kikundi kizima. Lakini wema wao ungeharibu udongo wangu wa miaka minne kabla ya saa sita mchana. Nikasimama mbele ya majembe.

"Jembe la kwanza litaanza na mguu wangu," nikasema.

"Unaniaibisha mbele ya watu?" Orpah akauliza.

"Hapana, Mama. Naomba mkono wako tu."

Nilikuwa na hasira, sikatai, ila nilimshika polepole. Mvua ya Sabato ilikuwa imenyesha mchana kutwa, na udongo wa mashamba ya juu, likiwemo lake, ulikuwa umejaa mtaroni kando ya barabara. Nikafunua mabua, nikausukuma mkono wake chini. Ukazama hadi kwenye kifundo. Ulipotoka ulikuwa mweusi, na nyungunyungu wawili wakijinyonganyonga vidoleni.

Alitazama mtaro. Akatazama kiganja chake, akakinusa.

"Shamba la mama yangu lilikuwa hivi," akasema taratibu. "Halafu sisi tukalilima, tukalilima."

Wanawake nao wakageuka kuutazama mtaro. Nilijua wengine walikuwa wakiyafikiria mashamba yao.

"Haya, twende kwangu," Orpah akawaambia.

"Kulima?" Roselyne akauliza.

"Kulima nini tena? Majembe yaacheni hapa. Mabua yangu yamejaa bomani na ng'ombe hawezi kuyamaliza. Mkaza mwanangu Mokeira atatuonyesha vile yanatandazwa."

Sikuwa nimewahi kumtangulia mama mkwe njiani. Kwetu ni utovu wa adabu. Nikamsubiri apite. Orpah akanisukuma bega mbele ya wanawake wote, nami nikatangulia.