Rangi ya Tano ya Korido

Korido yenyewe ilikuwa na urefu wa hatua kumi na nne, na ndani ya wiki tatu Mama Brashi alikuwa ameipaka rangi mara nne. Mara nne, jamani! Ilianza rangi ya maziwa, ikaja njano, ikaja chungwa, kisha buluu iliyokolea mpaka inauma macho. Bega lake la kulia, lililosukuma rola miaka ishirini na sita, sasa lilikuwa likimnyima usingizi. Alikuwa amechoka. Amechoka na ndoo, amechoka na harufu, na zaidi ya yote amechoka na Mwalimu.

Mwalimu ndiye aliyempa kazi. Alikuwa binti wa mama mwenye nyumba, mwanamke mpole, anayerudi kutoka shuleni saa kumi jioni na vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni. Kila rangi ikikauka, humshika mama yake mkono, humsimamisha katikati ya korido na kumuuliza, "Mama, unaionaje?"

Mama huinua uso, akatabasamu. "Nzuri, mwanangu. Imetulia."

Sasa mtu mwenye akili zake si angeshukuru na kulala? Wapi! Kesho yake asubuhi utamsikia: "Fundi, samahani, tubadilishe. Nitafutie iliyokolea zaidi."

"Maringo tu," Mama Brashi alijisemea moyoni. "Angekuwa anashika rola mwenyewe, ile ya kwanza angeipenda."

Leo amri ilikuwa mpya kabisa. Apige puti, ule uji mzito wa kuzibia nyufa, ukuta wote, asugue kwa msasa mpaka uwe laini kama sahani, kisha ndipo ipakwe rangi ya kung'aa. Ukuta wenyewe ulikuwa wa zamani, plasta imejaa kokoto, hapa pana ufa, pale pamebanduka. Mama Brashi aliusugua tangu asubuhi kwa hasira, na hasira ikamsaidia. Kufikia saa saba mchana upande wote wa kulia ulikuwa mweupe pee, huoni hata kovu.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama mwenye nyumba alitoka kwenda bafuni, kiganja chake kikitambaa ukutani kama kawaida. Siku zote Mama Brashi alikiona kiganja kile na kudhani ni uzee tu. Leo mama aliupita mlango wa bafu. Akasimama. Akarudi hatua mbili, akapapasa, akaenda mbele tena, na mguu wake ukazama kwenye ndoo ya puti mpaka kifundoni.

"Mungu wangu! Pole, mama!"

"Nani kaniondolea ukuta?" mama aliuliza, akiupapasa ukuta.

"Ukuta upo, mama. Nimeulainisha tu, Mwalimu kaniagiza."

"Aa, ndiyo, naona." Mama alijikaza, akainua uso, akatabasamu lile tabasamu lake. "Na hii buluu yenu imekubali kweli."

Mama Brashi alitazama ukuta mweupe, akamtazama mama. Alimkalisha juu ya ndoo tupu aliyoifudikiza, akaleta maji na kuanza kumwosha mguu.

"Tangu lini, mama?" aliuliza taratibu.

"Tangu lini nini?"

"Mama yangu. Ukuta huu ni mweupe."

Mguu ulipotakata, mama aliushusha sakafuni. "Mwaka wa pili huu," alisema. "Lakini humu ndani sipotei. Kokoto kubwa, hilo bafu. Ufa mrefu, chumbani kwangu. Palipobanduka, jikoni. Wanangu walishasema zamani, siku macho yakizima nihamie kwa mkubwa wao, ghorofa ya tatu. Huko nitajua nini? Nitawekwa kwenye kiti asubuhi, niondolewe jioni. Usimwambie Mwalimu. Nakuomba, mwanangu. Nikitoka humu nimekwisha."

"Simwambii," Mama Brashi alijibu.

Alimfikisha bafuni, akamrudisha chumbani, kisha akabaki peke yake na ukuta wake laini. Alijisikia vibaya mno. Alikuwa amefuta njia ya mtu, tena kwa bidii, na asubuhi alijisifu kwa kazi hiyo.

Angeweza kwenda nyumbani. Bega lilimwambia aende. Badala yake alichukua mfuniko wa kopo la plastiki, akaukata meno kwa kisu, akapaka ukanda wa puti mbichi wenye upana wa kiganja, usawa wa kiuno. Akaukwaruza kwa meno yale: mistari iliyonyooka kote koridoni, mawimbi karibu na bafu, na kwenye mlango wa chumba cha mama akabonyeza vidole vyake, alama kumi kumi. Alikuwa hajafika jikoni saa kumi ilipogonga na Mwalimu akaingia.

"Fundi, hiki nini? Si nilisema laini?"

"Ni urembo, Mwalimu. Mtindo mpya huu, watu wanaupenda," Mama Brashi alidanganya, huku akiyakwepa macho yake.

Mwalimu alitua mkoba chini. Alionekana amechoka kuliko fundi. "Sitaki urembo," alisema kwa sauti ya chini, mama asisikie. "Nataka ukuta uakisi mwanga. Nimejaribu rangi nne, dada. Kila nikimuuliza ananiambia nzuri, na kila akiniambia hivyo anautazama mlango. Nikasema labda njano ataiona. Labda buluu. Nimebaki kutafuta moja tu itakayomfikia, nimwambie kaka yangu kwamba mama bado anaona, aache kumtafutia chumba huko kwake."

Basi kumbe! Wiki tatu nzima Mama Brashi alikuwa akimtukana mtu huyu kimoyomoyo. Alitaka kuomba radhi, lakini ahadi aliyompa mama ilimziba mdomo. Aliweza tu kumshika Mwalimu mkono na kuuweka juu ya ukanda.

Mwalimu alitembea nao polepole. Mistari. Mistari. Alipofika kwenye mawimbi akatazama pembeni, akauona mlango wa bafu. Akaendelea mpaka kwenye alama za vidole, akasimama mbele ya chumba cha mama yake, akalia bila kujificha.

Mlango ukafunguka. Mama, aliyesikia kilio, alinyoosha mkono kutafuta ukuta na vidole vyake vikaangukia kwenye vishimo. Akavihesabu kimoja kimoja. Akatoka, akafuata mistari, akafika kwenye mawimbi, akageuka mwenyewe na kulenga katikati ya mlango wa bafu.

"Mama," Mwalimu alisema, "unaionaje?"

Mama hakuinua uso safari hii. Aliinamisha kichwa, kiganja bado ukutani. "Hii nimeiona, mwanangu," alisema. "Zile nyingine nilikudanganya."

"Najua, mama."

Kisha Mwalimu alifuta macho kwa mkono wa gauni, chaki ikambaki shavuni.

"Fundi, uendeleze mpaka jikoni," alisema. "Na mlango wa nje, na ukuta wa uani mpaka kwenye kamba ya nguo. Kaka nitampigia mimi."

"Na rangi je, Mwalimu?"

"Weka yoyote."

Mama Brashi alilisugua bega lake, akainama kuchukua mfuniko wenye meno. Wiki tatu, rangi nne, halafu yoyote! Alichota puti na kurudi ukutani.