Mfereji Usiofungwa

Alhamisi saa nane mchana mpango wangu ulikubaliwa. Nilikuwa nimeuombea miezi minne, kila asubuhi kabla ya kuwasha kompyuta, kwa maneno machache, kwa kuwa Mungu anaijua kazi yangu kuliko ninavyoweza kuieleza. Mkuu wetu wa kazi tunamwita Asante, maana kila anapokataa kitu humalizia kwa neno hilo. Safari hii hakulisema. Aliandika tu kwamba kesho saa sita mchana toleo jipya la programu yetu litafungwa, na jina langu litakuwa juu ya sehemu niliyoibuni. Niliinamisha kichwa mezani nikashukuru, kisha nikabaki hapo hapo, shingo imechoka kuinuka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tunatunza maktaba ya programu ambayo watu wengine huitumia kujengea tovuti zao. Haikai ikingoja: ombi moja la mtu anayefungua ukurasa likikwama kusubiri faili, huliweka pembeni na kushika jingine, kama mpishi mmoja mwenye sufuria kumi. Zamani mwandishi wa tovuti alipokea ombi na kurudisha jibu zima kwa mkupuo. Majibu makubwa yalijaza kumbukumbu ya mashine mpaka ikazimika. Mimi niliunda njia mpya: mwandishi anapewa mfereji, anamimina jibu kidogo kidogo, akimaliza anaufunga. Njia hiyo ikishatoka, tumeahidi haitabadilishwa kwa miaka miwili.

Jioni nilikwenda kwenye darasa la kompyuta ninalosomea cheti. Mwenzangu wa dawati, dereva wa malori aliyeanza kusoma akiwa na wajukuu wawili, alikuwa akitengeneza ukurasa wa kuonyesha gari lipi limerudi yadi. Nilimpa njia mpya aijaribu. Kusema kweli nilitaka sifa.

Aliandika polepole kwa vidole viwili. Ukurasa haukufunguka, kiduara kilizunguka tu. Alikuwa amesahau kufunga mfereji. Nikamwonyesha. Ukurasa wa pili akasahau tena. Wa tatu vilevile, na mashine haikumwambia lolote. Akavua miwani, akafikicha macho. Alikuwa kwenye usukani tangu alfajiri.

"Dada, aliyetengeneza hiki kitu hajawahi kuchoka," alisema.

Nikamwambia ni mimi. Alicheka mpaka mwalimu akageuka, kisha akaniomba radhi, akasema basi kosa ni lake, kichwa chake kimeshakuwa chuma chakavu. Hilo ndilo lililoniuma. Kosa halikuwa lake, na kuanzia kesho wangekuwepo maelfu wa kujilaumu kama yeye.

Njiani kurudi nyumbani niliomba, lakini vibaya. Nilimwambia Mungu kwamba amenipa nilichotaka, na sasa anakitwaa hata sijakizoea. Halafu nikaona haya. Hakuna aliyekuwa amenipokonya kitu. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, basi.

Asubuhi nilimwandikia Asante kwamba nauondoa mpango wangu na toleo liende bila sehemu yangu. Nilieleza ninachotaka badala yake: mwandishi arudishe jibu zima, au kipande kimoja baada ya kingine, na kufunga iwe kazi ya maktaba yenyewe. Akanipigia simu. Aliuliza kama najua kwamba toleo jingine ni baada ya miezi sita, na kwa nini sikuliona hili mapema. Nikasema najua, na kwamba mwenye kuunda kitu hasahau hatua zake mwenyewe.

"Haya, mama. Asante," akasema. Sijui ilikuwa asante ya aina gani.

Wiki tatu baadaye nilimpelekea dereva njia iliyorekebishwa. Aliandika mistari miwili, ukurasa ukafunguka, malori yote yamejipanga kwa namba. Akapitisha kidole kwenye kioo akitafuta pale alipokuwa akikwama.

"Kile cha kufunga kiko wapi?"

"Nimekiondoa."

"Yaani wiki tatu zote hizi ulikuwa unaondoa tu?"

"Ndiyo, kaka."

Akatikisa kichwa kwa kunihurumia, akaanza ukurasa wa pili. Niliegemea ukuta, nikafumba macho. Vidole vyake viwili viliendelea kugonga, na kwa muda mrefu havikusimama.