Nusu Nyingine ya Bwawa

Tulikuwa upande wa pili wa bwawa, pale misonobari inaposhuka mteremko mpaka karibu iguse maji, wifi yangu alipokaa juu ya kisiki, akavua kiatu cha kulia na kukikung'uta. Kokoto ndogo ikadondoka. Akaiokota, akaikazia macho kama mtu aliyemkamata mwizi wake, kisha akaitupa majini.

"Nimemkataa yule muuza vitambaa," akasema.

Alilisema hivihivi tu, kiatu mkononi. Mimi nilikuwa namenya chungwa.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia mimi ni mke wa mtu. Akaniuliza, huyo mtu yuko wapi? Nikamwambia atarudi." Akacheka kidogo. "Kasema basi, hatanisumbua tena. Mwisho wa mwezi anahamishia duka lake mji mwingine. Maskini, hata kwaheri sikumwaga vizuri, nilikuwa na pini mdomoni."

Chungwa likanishinda kumenya.

Mume wake ni mdogo wangu, tumezaliwa wawili tu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na alikwenda ng'ambo kwa mkataba wa miaka miwili. Mwanzoni alipiga simu kila wiki, baadaye kila mwezi, halafu sikukuu kwa sikukuu. Jumapili hiyo ninayoisimulia ilikuwa mwaka wa sita. Alipoondoka, wifi alihamia kwangu "kwa muda", na cherehani yake, sanduku moja na mto aliokataa katakata kuubadilisha.

Ninaishi vyumba viwili nyuma ya zahanati ya meno, ambako kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Sikuolewa. Kabla wifi hajaja nilikuwa nakula nimesimama, sahani juu ya friji, nikimaliza naisuuza na siku imekwisha. Yeye alileta meza. Alikuwa fundi wa mapazia, na katika wiki ya kwanza alitundika pazia kila penye uwazi, mpaka kwenye kabati la masufuria. "Wifi, hata sufuria zina aibu zao," aliniambia. Jioni nilizoea kusikia cherehani ikikimbia, ikinyamaza, kisha sauti yake: "Wifi, hebu njoo unishikie hapa!" Niliacha chochote nilichokuwa nacho nikaenda kushika.

Bwawa ni yeye aliyeligundua. Alitumwa kupima madirisha ya nyumba ya mhandisi wa mitambo ya maji, akarudi macho yanang'aa. "Jumapili nakupeleka mahali." Tukapanda basi namba kumi na nne mpaka kituo cha mwisho, pale dereva anapozima injini na kunyoosha miguu. Ukishuka, hatua mia mbili unafika getini. Njia inalizunguka bwawa lote ndani ya msitu, kilomita kumi na moja. Ukianzia kushoto au kulia, mwisho wake ni geti lilelile. Mlinzi alituzoea akatuita Mapacha, ingawa wifi ni mrefu kunishinda kwa kichwa kizima. "Mapacha, leo mnazunguka au mnakuja kupiga domo?" Tulimjibu kwamba yote mawili.

Penye utelezi alinishika mkono. Na palipokauka alisahau kuuachia.

Kisha ikaja ile simu. Ilikuwa Jumanne mchana, mwezi wa tatu, nikiwa kazini nachonga meno ya nta ya mteja mmoja mzee.

"Dada," mdogo wangu akasema, "mimi sirudi."

Nikadhani anatania. Akaniambia huko aliko ana mke, na mtoto amekwisha kuzaliwa. "Mwambie asinisubiri. Mwambie wewe, mimi siwezi."

"Ukome! Umwambie mwenyewe kwa mdomo wako."

"Wewe ndiye mkubwa," akasema, akakata. Nilipompigia, simu haikuita tena, wala siku hiyo wala nyingine. Kuangalia mkononi, yale meno nilikuwa nimeyaponda yote.

Nikajiambia nitamweleza Jumapili. Jumapili ikaja, jua la kupendeza, wifi ananiigizia mteja wake anayetaka pazia lisiloonyesha ndani lakini limwonyeshe yeye majirani. Ningeanzia wapi? Nikasema ijayo. Kwa mwaka mmoja na miezi minane nilipanda basi asubuhi na maneno hayo kifuani, nikashuka nayo jioni. Ilikuwa rahisi kujidanganya kwamba namwonea huruma. Ukweli ni kwamba uwifi wetu ulikuwa unaning'inia kwenye uzi mmoja, na uzi huo nilikuwa nimeushika mimi. Akijua, angekuwa na sababu gani ya kubaki kwangu?

Sasa alikuwa amekaa juu ya kisiki, mwanamke wa miaka thelathini na minne, amemfukuza mtu mwema kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

"Wifi," nikasema, "harudi."

"Nani?"

Akanitazama, na nikaona jinsi uso wake ulivyolifikia jibu polepole, wenyewe, bila kusukumwa.

"Umejuaje?"

"Alinipigia. Ana mke huko. Na mtoto."

"Lini?"

"Mwaka jana. Mwezi wa tatu."

Akahesabu. Midomo ilikuwa ikicheza, mwezi baada ya mwezi, kama anavyohesabu mikunjo ya pazia.

"Kwa hiyo Jumapili zote hizi ulikuwa umenishika mkono huku unajua."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu yangu ya kupendeza, niliyoyapiga msasa kwa miezi. Yote yakanikimbia, likabaki moja.

"Nilijua utaondoka."

Hakulia, wala hakunitukana. Angenizaba kofi ningemshukuru. Alivaa kiatu, akafunga kamba, akaifungua, akaifunga upya. Akasimama, akanionyesha njia iliyokuwa mbele yetu.

"Wewe pita huko. Mimi narudi tulikotoka."

"Lakini ni mbali."

"Ni mbali kote kote," akasema.

Basi tukaachana pale, kila mtu na nusu yake. Nilitembea peke yangu chini ya ile misonobari, na miguu yangu ilikuwa na kelele ambazo sikuwahi kuzisikia. Miti ilipoachana niliyaona maji, na ng'ambo yake kitambaa chake cha kichwa, cha njano, kikitokeza na kupotea, kikitokeza na kupotea. Mahali fulani bwawa linabanwa na kuwa jembamba, ungeweza kumwita mtu akakusikia. Kile kitambaa kikasimama. Nami nikasimama. Sikujua kama ananiangalia mimi au anaangalia maji. Niliinua mkono, nikauacha juu mpaka bega likauma. Kitambaa kikaendelea na safari.

Alinitangulia kufika kituoni. Nilimkuta amesimama mwisho wa benchi, tayari akitafuta nauli. Basi lilipokuja alipanda bila kugeuka. Dereva akanisubiri, nikamfanyia ishara aende. Lililofuata lilikuja baada ya saa nzima, na nilipofika nyumbani sanduku lake halikuwepo. Cherehani aliifuata siku ya tatu, nikiwa kazini. Mapazia yote aliyaacha.

Baadaye nilisikia kwamba yule muuza vitambaa hakuhama peke yake. Nilifurahi, nasema kweli, na furaha yenyewe niliilia.

Jumapili bado nakwenda. Mlinzi aliuliza mara moja tu pacha wangu yuko wapi, nikamwambia amehama.

Mwaka huu, baada ya miaka minne, simu yangu iliita asubuhi nikiwa nachanganya plasta ya kutengenezea meno. Namba ngeni.

"Ni mimi," akasema.

Nikavuta kiti nikakaa. Hakuniuliza hali, nami sikuthubutu kumuuliza yake.

"Nina swali moja. Siku ile alipokupigia, aliniulizia?"

Ningeweza kumpa ndiyo. Ingenigharimu nini? Angeipokea, angeiweka mahali, na labda siku moja ingempoza. Plasta ilikuwa inaanza kukauka kwenye bakuli.

"Hakukuulizia," nikasema.

"Basi. Nilitaka kujua tu."

Nikangoja akate. Hakukata. Nikasikia simu inawekwa juu ya kitu kigumu, bomba likafunguliwa, kisha vyombo vikaanza kugongana kwenye maji, sahani, vikombe, kijiko kikaanguka. Alikuwa anaosha. Nikabaki nimeibana simu sikioni nikimsikiliza anaosha vyombo vyake, mpaka vikaisha na bomba likafungwa.