Mkono Uliojivuta

Kwa miaka minne mfagiaji wa jengo la utafiti alikuwa na jibu moja tu kwa wifi yake: mkono ulishtuka. Wifi naye alikuwa na lake: "Mkono gani huo usio na mwenyewe?"

Ilikuwa hivi. Asubuhi ya siku aliyofariki, mume wa mfagiaji aliwaambia wageni waliokuja kumjulia hali kwamba hakuna anayejua kumwogesha kama dada yake. Miezi mitatu mke ndiye aliyemgeuza, akamfuta, akamfulia mashuka. Kabla ya siku hiyo dada mtu alikuja Jumapili mbili tu. Wageni walipotoka, mgonjwa akanyoosha vidole juu ya shuka, akiutafuta mkono wa mkewe. Mkono ukajivuta. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na beseni, akaona. Ilikuwa saa nne. Adhuhuri mgonjwa akakata roho.

Sasa siku moja daktari wa ubongo alikosa mtu wa kufanyia kipimo, akamkuta mfagiaji anapiga deki.

"Mama, niazime kichwa chako nusu saa."

"Utakirudisha kama kilivyo?"

"Kikiwa safi zaidi."

"Hicho kina vumbi la miaka, mwanangu. Chukua."

Akamvika kofia ya nyaya iliyopakwa dawa baridi, akamkalisha mbele ya kioo cha kompyuta chenye nukta inayozunguka kama mshale wa saa. Abonyeze kitufe akitaka mwenyewe, kisha aseme nukta ilikuwa wapi alipotaka. Akabonyeza mara arobaini. Daktari akamwonyesha mstari unaopanda.

"Hapa ubongo unaanza kujiandaa. Hapa ndipo ulipojiona umetaka. Hapa kidole kinabonyeza."

"Yaani kichwa kinaanza kabla mwenyewe sijajua?"

"Kwa kama nusu sekunde. Maana yake bado tunabishana."

Wabishane wao. Yeye alimshukuru Mungu palepale, kofia kichwani. Leo wifi atakoma!

"Bado, mama. Sasa taa nyekundu ikiwaka, usibonyeze."

Mara nyingi aliweza kujizuia. Mara chache akashindwa.

"Hapa ubongo ulishaanza, na bado wewe ukauzuia," daktari alisema. "Hizi nyingine taa ilichelewa, kidole kilishaondoka."

"Kikishaondoka ndiyo basi?"

"Ndiyo basi. Unabonyeza, unainua kidole, unaendelea."

Alirudi kwenye ndoo yake. Alikuwa anakamua tambara pale neno lile lilipomrudia. Unainua kidole. Akaukumbuka mkono wake ukiwa mapajani, na vidole vya mume vimebaki wazi juu ya shuka. Kutoka saa nne mpaka adhuhuri. Mkono huohuo ulikunja mataulo. Mkono huohuo aliuweka kifuani akasali. Ile nusu sekunde angeweza kumtupia Mungu. Saa mbili hakuwa na mahali pa kuzitupa. Akakaa kwenye ngazi, maji machafu yakimchuruzika mikononi.

Jumapili wifi alifika, akavuta kiti.

"Mkono mzima leo, au nijihadhari?"

"Wifi, tuseme siku ile mkono ulishtuka kweli."

"Haya, tumeanza."

"Ulishtuka saa nne. Lakini kukaa mapajani mpaka adhuhuri hakukuwa kushtuka. Niliuweka mimi. Nilikuonea wivu."

Wifi akazungusha kikombe chake cha chai mara mbili.

"Asubuhi ile nilimlilia kaka," alisema. "Nilimwambia naona haya, watu watasema dada gani huyu, haonekani. Ndiyo akasema yale mbele ya wageni. Kunisitiri tu. Sijawahi kumwogesha hata siku moja."

"Na miaka yote minne hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenicheka."

Mfagiaji hakucheka. Alikuwa anaona vile vidole juu ya shuka, vimekuja kumwambia hilohilo. Akaunyoosha mkono mezani, kiganja juu. Wifi akautazama, hakuushika.

Chai ikapoa. Mkono ulianza kumuuma begani. Hakuuondoa.